Bunduki Ndani ya Nyumba Yenye Watoto: Amri ya Tano Inatudai Nini?



Leo tunaingia katika mada ambayo ni nadra kuisikia kwenye mahubiri, ila maswali yake hayaishi vijana wanapokutana. Je, Mkatoliki anaruhusiwa kumiliki bunduki? Akiwa nayo na nyumbani kuna watoto, wajibu wake ni upi? Na mtoto afundishwe juu ya silaha, au tunyamaze tu tusije tukamwamshia hamu?

Najua kuna atakayesema, "Mimi sina bunduki, hili halinihusu." Subiri kidogo. Huenda baba yako mkubwa ni polisi, au jirani yenu ni askari wa wanyamapori. Huenda babu kule kijijini ana gobore la kufukuzia nguruwe pori na nyani shambani. Huenda wewe ndiye unayewafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu kila Jumamosi. Na wapo wenzetu wanaotusoma wakiwa Marekani, nchi ambayo raia wake wana bunduki nyingi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote duniani. Siku yoyote mtoto wao anaweza kwenda kucheza kwa rafiki ambaye baba yake ana bastola kwenye droo ya kitanda.

Kwa hiyo fungua Biblia yako, fungua na Katekisimu, twende pamoja.

1. Kanisa linafundisha nini juu ya kujilinda

Tuanze na lililo wazi. Kanisa halifundishi kwamba kumiliki silaha ni dhambi kwa lenyewe. Ukisoma Katekisimu namba 2263 hadi 2265 utaona fundisho la kujilinda kwa haki. Mtu ana haki ya kutetea uhai wake. Akilazimika kumpiga mshambuliaji, hata pigo likawa la kufisha, hahesabiwi kuwa mwuaji, mradi asitumie nguvu kupita ile inayohitajika. Tena kwa mtu aliyekabidhiwa maisha ya wengine, kama mzazi au askari, kuwalinda kunaweza kuwa wajibu mzito kabisa.

Wengi huishia hapo. Wakishapata namba 2265 wanafunga kitabu. Lakini shuka mpaka namba 2269. Hapo Katekisimu inasema Amri ya Tano inakataza pia kumweka mtu katika hatari ya kifo bila sababu nzito. Soma tena taratibu. Hujamshika mtu koo, hujamtakia mabaya, wala hujamkasirikia. Umeacha tu hatari ya kifo mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuikuta. Hilo nalo limo ndani ya Amri ya Tano.

Ndiyo maana katika sala ya kuungama mwanzoni mwa Misa hatukiri tu mabaya tuliyoyatenda. Tunakiri na wajibu ambao hatukuutimiza. Bastola iliyojaa risasi chini ya mto, mtoto wa miaka minne akiwa anacheza chumba hicho hicho, ni wajibu ambao haukutimizwa. Hata kama siku hiyo hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo mzazi anayesema, "Nina bunduki ili niilinde familia yangu," amesema neno zuri. Ila neno hilo linamfunga na yeye. Kama kweli anailinda familia, ailinde pia dhidi ya bunduki hiyo hiyo. Maaskofu wa Marekani, katika barua yao ya mwaka 2000 juu ya uhalifu na haki, waliunga mkono hatua za kudhibiti uuzaji na matumizi ya silaha, na kwa namna ya pekee zile za kuzuia watoto wasizishike bila usimamizi.

2. Ukingo wa paa na ng'ombe mwenye pembe

Unaweza kujiuliza: Biblia itasema nini juu ya bunduki, wakati bunduki hazikuwepo? Bunduki hazikuwepo, ndiyo. Lakini uzembe ulikuwepo.

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na paa bapa. Watu walipanda juu kupunga upepo, kuanika nafaka, hata kulala. Basi Mungu akaagiza kwamba ukijenga nyumba mpya, uweke ukingo kuzunguka paa, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Angalia agizo linasema na nani. Linasema na mwenye nyumba, na tena kabla hajaanguka mtu yeyote. Halianzi kwa kumwambia mgeni awe makini akipanda, ingawa nalo ni shauri jema.

Sasa soma Kutoka 21:28-29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo ana desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe alishaonywa, na hakumfunga, hapo mambo yanabadilika. Mwenye ng'ombe anabeba hatia ya ile damu.

Weka maandiko haya mawili kichwani. Tutayahitaji sasa hivi.

3. Tujifunze kutoka Marekani

Marekani tunaizungumzia kwa sababu huko jambo hili limechunguzwa sana, na limelipiwa kwa machozi mengi. Haki ya raia kuwa na silaha imo kwenye katiba yao tangu mwaka 1791. Takriban watu wazima 4 kati ya 10 wanaishi kwenye nyumba yenye bunduki. Wengi wao ni watu wa kawaida tu: wawindaji, wakulima, mama anayeishi peke yake na anaogopa wezi. Na wamo Wakatoliki wengi.

Lakini tazama upande wa pili. Kuanzia mwaka 2020, bunduki zimekuwa chanzo cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19 nchini humo, zikiyapita hata magari. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba watoto wapatao milioni 4.6 waliishi kwenye nyumba yenye angalau bunduki moja iliyojaa risasi na haijafungiwa. Paa milioni kadhaa bila ukingo.

Tarehe 30 Novemba 2021, mvulana wa miaka 15 aliingia na bastola katika shule ya sekondari ya Oxford, jimbo la Michigan, akaua wanafunzi wenzake 4. Bastola ile baba yake alikuwa ameinunua siku nne tu kabla. Asubuhi ya siku yenyewe wazazi waliitwa shuleni, wakaonyeshwa mchoro wa bunduki na mtu anayevuja damu ambao kijana wao alikuwa ameuchora kwenye karatasi ya hesabu. Hawakumchukua kurudi naye nyumbani, wala hawakuuambia uongozi wa shule kwamba kuna bastola mpya. Saa chache baadaye risasi zikalia.

Mwaka 2024 baba na mama, James na Jennifer Crumbley, kila mmoja akasimama mahakamani peke yake, na kila mmoja akakutwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Walihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Walikuwa wazazi wa kwanza Marekani kutiwa hatiani hivyo kwa mauaji ya halaiki yaliyofanywa na mtoto wao shuleni. Na kumbuka, mwaka 2021 Michigan haikuwa na sheria ya kumlazimisha mzazi kufungia bunduki. Sheria hiyo ilianza kutumika Februari 2024. Watu wengine walishangaa wakauliza, mzazi anawezaje kufungwa kwa kosa la mtoto? Aliyesoma Kutoka 21:29 hatashangaa sana. Ng'ombe alionekana, mwenyewe akaonywa, kamba haikufungwa.

4. Je, kumfundisha mtoto kunatosha?

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Wazazi wengi wema wanasema, "Mimi mtoto wangu nimemfundisha. Anajua kabisa asiguse."

Mwaka 2001 madaktari wa watoto huko Atlanta walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwaweka wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, katika vikundi vya wawili wawili au watatu watatu, ndani ya chumba chenye bastola ya kweli isiyo na risasi, iliyofichwa kwenye droo. Wakawatazama kupitia kioo. Wavulana 48 waliigundua. Kati ya hao, 30 waliishika. Na 16 walivuta kifyatulio. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuifyatua walisema walishawahi kufundishwa usalama wa bunduki.

Usiwalaumu watoto. Mtoto ana udadisi, na udadisi huo Mungu mwenyewe ndiye aliyeuweka ndani yake ili ajifunze dunia. Akiwa na wenzake, ndiyo kabisa. Halafu wengi wao hawakuwa na hakika kama bastola ile ni ya kweli au ni mwanasesere. Na nguvu za kufyatua je? Kuna watoto wa miaka 3 au 4 ambao tayari vidole vyao vinaweza kuvuta kifyatulio cha bastola.

"Lakini mimi nimeificha, hajui ilipo." Utafiti mwingine, uliofanyika Alabama na kuchapishwa mwaka 2006, uliwahoji wazazi na watoto kila mmoja kwa upande wake. Miongoni mwa watoto ambao wazazi wao waliapa kwamba hawajui bunduki inakaa wapi, karibu 4 kati ya 10 walisema wanajua. Ndugu yangu, hebu kumbuka utoto wako. Ni zawadi gani ya Krismasi ilifichwa nyumbani usiione? Sukari je?

Basi tumfundishe mtoto, ndiyo, lakini tusimtwike yeye mzigo wa mtu mzima. Kazi ya kwanza ni ya mwenye bunduki, nayo haina ufundi wowote mgumu. Bunduki iwekwe bila risasi. Iwekwe kwenye sefu au kasha la chuma lenye kufuli. Risasi zifungiwe mahali pengine, na kufuli yake. Ufunguo asijue mtoto ulipo, wala namba za siri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila moja ya hatua hizi, hata peke yake, inapunguza hatari ya watoto na vijana kuumia au kufa kwa bunduki ya nyumbani. Zote kwa pamoja ni bora zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kufuli, na hii inatuhusu sisi vijana moja kwa moja. Si kila anayekufa kwa bunduki ya nyumbani anakufa kwa ajali. Kijana aliyefeli mtihani, aliyeachwa, aliyeaibishwa mtandaoni, anaweza kupita kwenye saa moja ya giza nene. Mara nyingi saa hiyo hupita, na kesho yake anashukuru kwamba yu hai. Bunduki haimpi kesho. Kama nyumbani kuna mtu mwenye huzuni nzito, silaha itoke hapo kwanza, ipelekwe kwa mamlaka husika itunzwe. Na kama wewe ndiye uko kwenye giza hilo leo, tafadhali usikae peke yako. Mwambie mtu sasa hivi: mama, kaka, padre, daktari, rafiki. Mungu hajakuchoka.

5. Tumfundishe nini, na kwa umri gani?

Kwa mtoto mdogo, mambo manne yanatosha. Programu moja maarufu ya Marekani imekuwa ikiwafundisha watoto hivi tangu mwaka 1988, na ni rahisi kukumbuka:

- Simama.
- Usiguse.
- Ondoka hapo haraka.
- Mwambie mtu mzima.

Wewe unayefundisha Utoto Mtakatifu, fanya nao kama mchezo. Waambie wayaonyeshe kwa vitendo, maana mtoto akisema kwa mdomo tu atasahau. Mmoja ajifanye amekuta kitu kichakani, mwingine amwambie "hebu tuone inafanyaje kazi," na yule wa kwanza ajifunze kukataa na kukimbia. Rudia baada ya mwezi. Na jambo moja muhimu sana: mtoto akija kukuambia, usimpige wala usimfokee, hata kama aliingia mahali asiporuhusiwa. Ukimchapa leo, kesho atanyamaza.

Mfundishe pia tofauti ya hadithi na maisha. Kwenye filamu na kwenye gemu mtu anapigwa risasi, halafu anaamka, mchezo unaanza upya. Mwambie kwa upole kwamba katika maisha mtu haanzi upya hivyo.

Kwa kijana mkubwa anayelelewa kwenye familia ya wawindaji au wafugaji, ambaye siku moja ataishika silaha kihalali, yapo mengine ya kuongeza. Kila bunduki ihesabu kuwa ina risasi, hata ukiambiwa haina. Mtutu usiuelekeze kamwe kwa mtu au kitu usichotaka kukiharibu, hata kwa utani. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umeamua kupiga. Jua unachokilenga, na jua kilichoko nyuma yake. Anayeshika kanuni hizi nne anamheshimu jirani yake kwa mikono yake.

6. Huku kwetu

Usidhani haya ni ya Wamarekani pekee. Katika kaunti kama Turkana, Pokot Magharibi, Baringo na Samburu, askari wa akiba wa polisi wanatoka humo humo vijijini, wamepewa bunduki na serikali wailinde jamii dhidi ya wezi wa mifugo. Mtu huyo ana mke, ana watoto, ana mbuzi wa kuchunga. Mashariki mwa Kongo, watoto wanaweza kuokota shambani risasi au bomu lililoachwa na wapiganaji. Yale mambo manne, simama, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima, yanafaa huko neno kwa neno.

Kisheria, Tanzania ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kote kuwili huwezi kuwa na bunduki bila kibali. Kama kuna gobore la marehemu babu limebaki darini na hakuna mwenye kibali, familia isilifanye siri ya ukoo. Ulizeni polisi utaratibu wa kulisalimisha. Mara kadhaa serikali zimetangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na viongozi wa jumuiya au paroko wanaweza kuwasindikiza wenye hofu.

Na ninyi mlio Marekani, mtoto anapoalikwa kucheza kwa rafiki, ulizeni bila aibu: "Samahani, nyumbani kwenu kuna bunduki? Imefungiwa?" Najua malezi yetu. Kwetu kumuuliza mwenyeji swali la namna hiyo ni kama utovu wa adabu. Lakini mnauliza kama kuna mbwa mkali, na hakuna anayenuna. Madaktari wa watoto wa huko huko wanawahimiza wazazi waulize.

7. Rafiki yetu Mtakatifu Gabrieli

Tumalizie kwa mtakatifu ambaye vijana tunamwita msimamizi wetu: Gabriel Possenti, aliyezaliwa Assisi mwaka 1838, akaingia Shirika la Mateso mwaka 1856, akafa kwa kifua kikuu tarehe 27 Februari 1862 kabla hajatimiza miaka 24. Papa Benedikto XV alimtangaza mtakatifu mwaka 1920.

Huko mitandaoni utakutana na hadithi kwamba mwaka 1860 aliwanyang'anya askari bastola, akampiga mjusi kwa risasi moja, na askari wote wakakimbia. Kwa hadithi hiyo kuna watu Marekani waliotaka awe msimamizi wa wenye bastola. Hadithi ni tamu, ila ina shida: watu walioishi naye na kutoa ushuhuda wa maisha yake hawakuisimulia, na miaka yake ya mwisho alikuwa mgonjwa. Kanisa halijampa cheo hicho.

Tunachokijua kwa hakika ni kitulivu zaidi. Aliyapenda maisha ya starehe, akayaacha. Akampenda Mama wa Mateso. Akawa mtakatifu kwa kutimiza vizuri wajibu mdogo mdogo wa kila siku, ambao hakuna aliyempigia makofi. Kufungia bunduki kila jioni, kuhesabu risasi, kumrudia mtoto somo lile lile kwa mara ya tano, ni wajibu wa aina hiyo. Mtoto anayelindwa hivyo hatajua hata alilindwa.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika ukoo wetu kuna silaha? Inakaa wapi usiku huu, na nani anajua ufunguo ulipo?
2. Mbali na bunduki, ni "paa" gani nyingine hatujaiwekea ukingo: sumu ya mazao, kisima kilicho wazi, dawa, mafuta ya taa?
3. Nikiona hatari kwa mtoto wa jirani, nitasema au nitanyamaza? Kwa nini?
4. Ni lini mara ya mwisho nilipoungama wajibu ambao sikuutimiza?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyewakumbatia watoto na kuwabariki, tupe macho ya kuona hatari kabla yao. Watie hekima wenye silaha, uwafariji wazazi waliozika watoto kwa ajili ya uzembe wa mkono wa mtu, na umshike mkono kila kijana aliye gizani. Mtakatifu Gabrieli wa Mama wa Mateso, utuombee. Amina.

Mshirikishe mwenzako somo hili, hasa yule unayejua kwao kuna silaha. Na kama wewe ndiye mwenye ufunguo, kabla hujalala leo nenda kaangalie kufuli.